Kiti cha Pembeni

Mtaani walimwita Kipenga, na wala si kwa ubaya. Gari lake lilikuwa na tabo, ile mashine ya kuisukumia injini hewa, na kila alipokanyaga mafuta ilipiga mluzi uliosikika hadi majikoni. Gari lilijulikana na kila mtu. Mwenyewe sasa, hata kazi yake hawakuijua.

Alikuwa mkata lenzi za miwani. Siku nzima yuko chumba cha nyuma cha duka, na ukutani kuna kidirisha: mkono unaingiza fremu, mkono unachukua miwani iliyokamilika, basi. Watu waliosoma magazeti kwa jasho lake walimpita barabarani wasimjue. Nyumbani nako yaleyale. Mkewe alishafungasha virago miaka mingi nyuma, bila hata ugomvi wa maana, na mtoto hawakujaliwa. Dada yake alimpigia simu mara mojamoja kumuuliza anaoa lini, na akishamaliza kumgombeza hawakuwa na la kuongea.

Kwa hiyo usimcheke ukisikia mshahara wake uliishia gereji. Watu walisema ana wazimu wa mbio. Mbio gani! Mtu mwenyewe akifika kwenye kona anapunguza mwendo kama amebeba mayai. Alichokitafuta kilikuwa kingine kabisa. Fundi akibadilisha kitu kwenye injini, lazima aiseti upya kwa kompyuta, na kazi hiyo haifanyiki gari limesimama. Mwenye gari anaendesha, fundi anakaa kiti cha pembeni na kompyuta mapajani, wanatoka hadi barabara iliyonyooka nyuma ya maghala, wanakwenda na kurudi mpaka namba zikubali. Kanyaga. Achia. Tena. Na katikati hapo fundi hakunyamaza: mara mama mkwe aliyekuja kusalimia akahamia, mara jino lililomkosesha usingizi, we acha tu. Kipenga alicheka mpaka akakosea gia. Tangu gari linunuliwe, kiti kile hakijakaliwa na mtu mwingine.

Ndiyo maana alipochagua cha kufunga hakuuliza kinaongeza nguvu kiasi gani. Aliuliza kusetiwa kwake kunachukua muda gani. Ekzosi pana ilimpa asubuhi moja. Kipoza hewa kikubwa cha injini kilimpa mchana mzima, na chai wakanywa njiani. Safari hii alipania tabo kubwa zaidi, maana alisikia hiyo inakula siku kadhaa.

Jumamosi akaenda. Fundi akalizunguka gari, akachungulia magurudumu, akatikisa kichwa. Akamwambia kwa upole kwamba nguvu zimetosha, gari hili linachodai ni breki. Lakini breki hazina mambo ya kompyuta, na Kipenga alilijua hilo vizuri. Akang'ang'ania tabo yake.

"Haya, gari ni lako," fundi akasema akifuta mikono. "Tena siku hizi kazi imekuwa rahisi. Nafunga kifaa kidogo, unaendesha mwenyewe, namba zinanijia kwenye simu nikiwa hapahapa. Hutahangaika kunibeba tena, kaka."

Alisema kwa furaha, kama mtu anayekutua mzigo. Kipenga akakisifu kifaa, akauliza kinafungwa wapi, akajibiwa, asisikie jibu. Moyo ulimuuma, tena ulimuuma kweli. Mwishowe akasema basi, afungiwe hizo breki. Fundi akampongeza kwa kuchagua kwa akili, na wakapanga siku.

Kisha maneno yakamtoka bila kuyapanga.

"Zikishafungwa, twende tuzunguke kidogo. Mimi na wewe."

"Kuzijaribu? Hizo utazisikia mwenyewe mguuni."

"Si kuzijaribu. Kwenda tu."

Fundi akamtazama. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka kuelewa tu. "Kwenda wapi?"

Miaka yote ile walifika nyuma ya maghala na kugeuza. Kipenga alitafuta kichwani mahali ambapo watu wawili huenda bila kazi, akakosa. Akasema alikuwa anatania, akauliza breki zitachukua muda gani.

Muda mfupi tu, fundi akamwambia. Wala hana haja ya kusubiri. Aliache gari, aje kulichukua baadaye.