Sikio la Salum kwenye mbio za Mudhaibi

Leo nimeharibu picha ya mjukuu wangu, na radhi siombi.

Salum kakimbiza farasi hapa Mudhaibi kwa mara ya kwanza. Farasi wawili huja mbio bega kwa bega, wapandaji wakashikana mikono, kisha wakasimama wima juu ya matandiko. Alitaka picha moja tu ya kusimama kwake.

Dada yake, Ruqaya, ana kamera na lenzi mbili. Akashika ile fupi.

"Farasi watapita karibu, Bibi. Ile ndefu ya vitu vya mbali."

"Na hilo dude refu umelibeba la pambo? Tia hilo."

Masikini, akanitii.

Farasi wakatupita, vumbi mpaka mdomoni. Tukatazama picha.

Sikio.

Sikio la Salum limejaa kioo kizima cha kamera. Salum akarudi, akachungulia.

"Bibi, wallahi, nimesimama juu ya farasi anakimbia, nikatoka sikio?"

Ruqaya akataka kuifuta. Nikamshika mkono.

Juu ya lile sikio pana kikunjo kidogo, kama ukingo wa chapati. Marehemu babu yao alikuwa nacho hichohicho. Na mimi miaka yote nasema Salum kafanana na ukoo wa mamake.

Mbio za pili, Ruqaya akatia lenzi fupi bila ya kuniuliza. Salum katoka mzima, kasimama, meno yote nje, mashaallah.

Hiyo ndiyo picha yenu, wanangu. Sikio nimeliweka kwenye simu yangu, nikiifungua tu naliona.

Haya, nisemeni kuhusu lenzi. Lakini atakayesema sikio lile baya, Ijumaa asije kula kwangu.