Marehemu Aliyelipwa Pesa ya Korona

Jambo lote liligharimu shilingi elfu sita za serikali, mbuzi wawili, na shangazi yangu. Nimepiga hesabu mara mbili; haipungui.

Mimi hununua ndengu kwa wakulima upande wa Kambu na kuziuza mjini Salama. Mtu akiniambia gunia limejaa, mimi hulitingisha kwanza. Serikali ilipotuma pesa ya korona kwa wakulima, nikataka kuitingisha hiyo pia. Kila wiki nilikuwa kwa chifu: majina yako wapi? Yabandikwe tuyaone. Mwishowe alinichoka, akabandika karatasi ukutani.

"Haya, bwana mkaguzi. Soma mpaka ushibe."

Watu walijaa, barakoa zikining'inia kidevuni. Nilihesabu majina: sitini na mawili. Nikarudia: sitini na mawili. Kisha nikaanza kuyasoma kwa sauti kama niko mnadani. Nilipofika kwa jina moja, mzee mmoja akainua fimbo.

"Simama hapo. Huyo si tulimzika? Mimi mwenyewe nilishika sepetu."

Jina lile sikulijua. "Aka! Kumbe marehemu analima!" nikasema. "Tena yeye kashalipwa, sisi wazima bado tunapanga foleni!"

Walicheka. Nami nilicheka, na kicheko hicho ndicho ninachokilipia mpaka leo.

"Soma namba ya simu," mama mmoja akadakia. "Tumjue huyo anayekula na maiti."

Walikuwa wameandika tarakimu tatu za mwisho. Nilisoma ya kwanza, nikasoma ya pili, nikaishia hapo. Namba hiyo mimi huitumia kredo ya simu kila Jumamosi. Lakini ukuta si wangu. Mama yule alisogea, akajisomea, akageuka polepole kuangalia nyuma. Alikuwa chama kimoja cha akiba na shangazi, namba yake alikuwa nayo.

Jina lilikuwa la babu. Sisi wajukuu tulimwita Babu tu, na kijiji kilikuwa na jina lake la utani. La kitambulisho lilibaki kwenye hati ya shamba na kwa wazee wa rika lake. Shangazi, dada ya baba, alirudi nyumbani ndoa ilipomshinda, na ndiye aliyelilima shamba hilo miaka yote. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, kitambaa cha kanisa kichwani.

"Karani aliniuliza shamba ni la nani," akasema. "Nikamwambia ni la baba. Ningesemaje ni langu, na ndugu zangu hawajaketi kugawa?" Akaniangalia. "Nimekuja kuona kama jina lake wameliandika vizuri."

Hakuna aliyecheka tena. Hakuna aliyeomba msamaha pia, na mimi ndiye niliyestahili kuanza.

Pesa zenyewe zilikuwa zimeshageuka mbegu, mbegu zimeingia mchangani, na mvua ikakataa. Shangazi aliuza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa, bila kuniuliza, akapeleka elfu sita ofisini.

"Mama, hapa tuna kitabu cha kutoa," karani alimwambia. "Cha kurudishiwa hatuna."

Alikwenda mara tatu. Kanisani aliacha, kwa sababu kila akitoka kulikuwa na wa kumwambia, "Tusalimie marehemu, muulize ndengu zimefanyaje." Akahamia Kibwezi kwa binti yake. Nilimfuata, nikamwomba arudi apande.

"Acha mwenyewe alime," akasema. "Si ulisema analima?"

Kisha akanipa zile elfu sita, zimefungwa kwenye mfuko wa sukari. "Wewe ndiye unayejua kudai karatasi. Nitafutie ya kusema nimerudisha. Uibandike palepale."

Nimezungushwa ofisi nne. Kila mmoja ananisifu kwa uaminifu, kisha ananionyesha mlango wa jirani. Siku hizi shangazi anaugua kifua, na kila Jumamosi nikimtumia kredo huniuliza neno moja tu: "Umeibandika?"

Basi wewe unayesoma, kama umewahi kufanya kazi katika ofisi hizi, nisaidie. Pesa ya namna hii hupokelewa na nani, nani huandika risiti? Nionyeshe mlango tu, nauli ninayo. Pesa zipo zote.

Nimezihesabu mara mbili.