Hodi ya Pacha

Vumbi la sumu likivuma mlango haufunguliwi, hata awe nani anayebisha. Bawabu wa handaki, msichana wa miaka kumi na sita, hakuwahi kuivunja kanuni hiyo. Ndani walikuwa watu kumi na tisa, mabaki ya mji mzima.

Adhuhuri moja, vumbi likivuma, alibisha pacha wake aliyekuwa ametoka kuokota vitu mjini.

"Hodi, bawabu. Nimekuokotea viatu, ila vyote vya kushoto."

"Ngoja litulie, pacha."

"Kwani siku hizi kuna kiingilio?" Akacheka, akakohoa. "Hodi."

Hodi ile iliendelea hadi alasiri, kwa sauti ileile, bila kituo. Msichana hakuondoa mkono kwenye komeo.

Vumbi lilipotulia alifungua. Akakuta viatu viwili vya kushoto juu ya mchanga usio na unyayo hata mmoja.

Watu kumi na tisa walipona. Pacha wake hakuonekana tena.