Mume wangu ndiye aliyewachorea wezi ramani ya nyumba ya mama yangu

Admin, naomba ufiche jina langu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi na mume wangu mtaa wa Nshambya, Bukoba. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe nikikosea maneno.

Mume wangu ni fundi wa madishi na sola. Anaingia nyumba za watu, anakaribishwa kahawa, anaitwa mwanangu. Mama yangu ni mjane, anaishi peke yake kijijini upande wa Rubya. Mwezi uliopita, Jumapili, hakwenda kanisani kwa sababu mguu ulimuuma. Wezi wakavunja mlango wa uani asubuhi kweupe. Walipomkuta ndani wakampiga nondo, mkono ukavunjika, wakabeba sola, televisheni na magunia ya kahawa ya msimu mzima. Mume wangu ndiye aliyemkimbiza hospitali. Alilia pale kitandani mpaka mama akambembeleza: "Nyamaza mwana wange, mimi sijafa."

Juzi mchana akaja nyumbani kijana wa bodaboda nisiyemjua. "Shemeji, mwambie jamaa azime simu, mwenzetu mmoja kakamatwa kwa ile ya Rubya." Akadhani najua kila kitu, akaendelea: "Lakini mumeo ndiye alisema bibi huwa kanisani. Sisi tusingempiga mtu bure."

Mume wangu aliporudi nilimkaba shati. Hakukana! Ati, "Mimi sijawahi kuvunja mlango wa mtu. Mimi ni wa ramani tu." Akanieleza kama mtu anayeeleza kazi ya ofisini. Yeye akifunga dishi anaangalia kuna nini ndani, nani anatoka saa ngapi, kama kuna mbwa. Wavunjaji ni wengine, wala hawamjui mwenye nyumba. Yule kijana wa bodaboda anawaunganisha na kubeba mali. Vyote vinaishia kwa mzee mmoja wa mjini anayeheshimika, ndiye anayewatoa polisi wakikamatwa.

Nikamuuliza, "Na mama yangu je?"

"Nilijua hatakuwepo."

Jamani! Yaani kosa ni la mguu wa mama!

Nikasema nakwenda polisi. Akapiga magoti: wanakijiji wakisikia watamchoma moto, na yule mzee atatuma watu kwangu na kwa watoto. Jana nikapanda gari hadi Rubya nimwambie mama ukweli. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Nimempigia mumeo simu aje akae hapa anilinde. Usiku sipati usingizi, waitu, mwanangu." Na leo asubuhi kaja kweli, na begi lake.

Hapa ninapoandika nimekaa nje, namsikia jikoni anammenyea mama ndizi, mama anacheka. Nikimtaja nawaweka wanangu hatarini. Nikinyamaza, mama atalala nyumba moja na mtu aliyemuuza. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngeanzia wapi?