Fundi Aliyegonga Kabla ya Zamu

Kisa hiki hamtakiamini, na siwalaumu. Hata mimi, niliyesoma mpaka darasa la sita nikaona elimu imeniishia, nilikishuhudia kwa macho yangu na bado nayashuku macho. Kinamhusu shemeji yangu, seremala, aliyemwoa mdogo wangu na akamzika. Yuko hapa anapiga randa. Nimeazima pembe ya meza yake naandika, na kila neno ninaloandika namsomea papo hapo, asije akasema nimemsingizia.

Mdogo wangu alipofariki, shemeji alibaki na chumba hiki na redio. Ni mtu mpole kama maji ya mtungini; hata akijigonga kidole huiomba nyundo radhi. Watoto wako mbali, wateja nao wakapungua. Kikundi cha maigizo kilipompa kazi, nilifurahi kuliko yeye. Kule ukumbini ndipo mahali pekee palipobaki ambapo mtu angemuuliza, "Fundi, mbona leo umechelewa?"

Walikuwa na michezo miwili mifupi kwa tiketi moja. Katika wa kwanza, mzee anaandaa vikombe viwili, anangoja mgeni, mgeni haji, pazia linafungwa. Katika wa pili, mwanamke amejifungia ndani. Mlango unagongwa, naye hafungui. Shemeji ndiye aliyeutengeneza mlango ule, na ndiye aliyeugonga. Yaani mchezo wa kwanza wote alisimama nyuma ya mlango na nyundo ya mti mkononi, kimya, akimsikia yule mzee akilalama ubao mmoja tu kutoka kwake, huku yeye akingoja zamu yake ya mchezo wa pili.

Jumapili moja alasiri nilikuwa naye huko nyuma. Niliingia bure, mtu wa hadhi yangu hapangi foleni. Yule mzee, ambaye ni kijana tu aliyepaka unga nywele, akafika kwenye maneno yake ya mwisho: "Hata aliyekosea nyumba, na aingie."

Shemeji akagonga. Ngo, ngo, ngo.

Nikamvuta shati. "We shemeji! Bado! Huo ni mchezo wa pili!"

Kijana hakuandikiwa hodi ile. Akainuka, akafungua mlango, wakatazamana. Kisha akasema, na sauti haikuwa tena ya mzee, "Karibu."

Shemeji akaingia na aproni yake ya vumbi la mbao, akakaa, akashika kikombe kitupu kwa mikono yote miwili. Watu walianza kucheka, wakaacha.

Pazia lilipofungwa, mwongozaji, binti mdogo tu, akaja. Hakuwa mkatili. "Fundi, umechanganya michezo, siyo? Sema umechanganya tu, yaishe."

Nilimkanyaga shemeji mguu. Nilimkonyeza. Uongo kama ule mimi huusema kabla sijanawa uso!

"Sikuchanganya, mwanangu," akasema. "Mtu ameita, na mimi nilikuwa pale mlangoni."

"Na kesho akiita?"

Shemeji akafikiri kweli kweli, kana kwamba ameulizwa urefu wa ubao. "Nitagonga."

Binti alilia, lakini akanyoosha mkono apewe nyundo. Siku hizi anagonga mtu mwingine, na husubiri zamu yake.

Basi shemeji hana tena pa kwenda jioni. Redio nayo imekufa. Mchana anaranda ubao usio na mteja, ili mikono isikae bure. Lakini msimhurumie kupita kiasi, jamani, mimi nipo! Tangu siku ile sijamwacha peke yake hata kidogo. Kila jioni niko hapa, tunapiga soga na kucheka mpaka majirani wanakuja kutuomba tupunguze sau—

"Jioni zipi, shemeji?" Randa imesimama. "Tangu mvua zianze, leo ndiyo umetia mguu humu."