Ndugu Yangu wa Ziwa

Kwetu Mji wa Kale msichana hatafutiwi mchumba mbali, asije akapotea njia. Mimi nilitengewa mtoto wa ami yangu tangu sijaota meno. Nilipofika miaka ishirini na minne, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi huko Makadara, ukoo mzima ulikuwa ushakubaliana hata rangi ya pazia zangu. Mimi tu ndiye sikuulizwa, nadhani waliniona nimeshughulika na kusahihisha madaftari.

Nikalalamika. Kila siku jikoni nilimwambia mama kwamba heri nizeeke na paka kuliko kuolewa na mtu niliyegombania naye visheti.

Mwalimu mwenzangu, mtu wa bara, alishtuka kunishinda. "Lakini huyo ni ndugu yako! Sheria ya Kenya inakataza," akasema, akaitafuta kwenye simu. Kweli, binamu walikuwemo, wamepangwa pamoja na mababu na mashangazi. Nilitaka kumkumbatia. Kisha akasoma chini kidogo, sauti ikapungua: katazo la binamu haliwahusu Waislamu. Serikali ambayo haijatukumbuka hata kwa taa ya uchochoroni, kwa hili ilinikumbuka mimi.

Mchumba mwenyewe alikuwa seremala, si mtu wa maneno. Jumatatu moja alinikuta barazani kwetu, akasema huku akijitazama vidole, "Nasikia hunitaki. Basi n'tasema mimi ndiye sikutaki, wanikasirikie mimi. Wewe usisemwe na watu."

Hakuna mtu aliyewahi kujitolea kutukanwa kwa ajili yangu. Nikamwomba anipe mpaka Ijumaa nifikiri. Kufikiri nini? Nilishampenda pale pale. Lakini baada ya kelele zote zile jikoni, nitamwambia nani? Mungu amenijaalia kiburi cha kutosha nyumba tatu, nikanyamaza.

Alhamisi ukoo ukakusanyika kwetu kupanga siku ya posa. Mama, ambaye hupenda kuongea mwisho, aliongea wa kwanza.

"Haiwezekani. Huyu kijana nalimnyonyesha mimi, mamake alipolazwa baada ya kumzaa, nikaona haya kusema."

Katika dini yetu, waliomnyonya mama mmoja ni ndugu wa ziwa, hawaoani milele. Akaitwa sheikh wa mtaani, akauliza ni mara ngapi, maana mara tano za kushiba zatosha.

"Siku tatu," akasema mama. "Na alikuwa mlafi."

Mlafi mwenyewe aliinamisha kichwa. Mama akanitazama kwa furaha kama mtu aliyeniletea zawadi kutoka safarini. Watu wote wakanigeukia, nikasema "Alhamdulillahi," kwa kuwa ndilo walilokuwa wakilingoja.

Sasa ni miaka saba. Ndugu wa ziwa ni maharimu, mbele yake sijifuniki. Ameoa, ana watoto wawili wanaoniita shangazi, na kila Ijumaa huja na wanawe kula kwetu. Mimi hukaa kichwa wazi, nywele zimejaa mafuta, nikigombana naye juu ya ndimu. Jamaa hutusifu kwa namna tunavyopendana. Posa nyingine zilikuja, nikazikataa zote, na kwa hilo hakuna aliyenisifu.

Ijumaa iliyopita mama alikuwa akichagua mchele, akasema bila ya kuinua uso, "Mwanangu, sikumpa hata tone."

"Nani?"

"Nduguyo. Nalisema vile kukuokoa. Kila siku ulikuwa wanililia hapa jikoni. Nimeshakuwa mzee, sitaki kufa na uongo ule."

Nilitafuta hasira ya kumpa, sikuipata. Alifanya kile nilichomwomba mwenyewe kwa miaka miwili mfululizo. Nikamwambia ahsante.

"Na mbona walia?"

Hodi ikapigwa. Alikuwa yeye na wanawe. Nikauvuta mtandio uliokuwa kitini, nikajifunika mpaka kwenye paji la uso.

Akasimama mlangoni akiangaza huku na huku.

"Leo kuna mgeni gani?" akauliza.