Bwawa Nililolitangaza

Kabla sijaeleza nilichofanya, niseme kwanza kwamba mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote. Katika kundi letu la mtandaoni la wavuvi wa ndoano, watu wa Nakuru, Naivasha, Gilgil na kwingineko bondeni, nilikuwa mmoja wa wasimamizi, na kazi hiyo niliifanya kama askari wa kanjo anayefukuza wachuuzi mjini. Mtu akiweka picha ya samaki na mwingine akauliza chini yake, "Ni wapi hapo boss?", nilikuwa wa kwanza kumrukia. Hapa hatuulizi hivyo, nilimwambia. Ziwa kubwa kama Naivasha lilitajwa bila shida, kwa sababu kila mtu analijua. Lakini mto mdogo au bwawa la shambani halikutajwa hadharani. Ukitaka kulijua, unafanya urafiki na aliyevua, mnavua pamoja kwingine kwanza, na siku akikuamini anakupeleka mwenyewe. Tena kabla ya kuweka picha unakata mandhari: mlima, mnara wa simu, paa la kanisa, chochote ambacho mwenye macho angekitambua.

Kanuni hizo niliziandika mimi. Nikizisoma leo naona haya hata nikiwa peke yangu.

Mimi ni fundi wa nguo, mtaa wa Bondeni, Nakuru mjini. Ukoo wetu ulitoka pwani zamani, ila mimi pwani naijua kwa harusi na matanga tu. Kuvua nilifundishwa na marehemu baba, ambaye hakupenda kukaa peke yake majini na hakujaliwa mtoto wa kiume wa kumburuta huko. Alipofariki nikabaki na fimbo zake na ile hamu. Mwanamke wa buibui aliyebeba fimbo ya kuvulia ni kioja mjini kwetu, na sitadanganya, nilipenda kuwa kioja. Nilipenda wanaume waliokaa barazani wakinitazama nikipita na ndoo.

Kuresoi nilipelekwa na kwaya. Kanisa moja huko juu lilitaka majoho mapya, na mwenyekiti wa kwaya alikuwa ameona kazi yangu kwenye harusi Molo. Nikapanda na futi yangu shingoni, nikawapima mmoja mmoja kwenye ukumbi wa kanisa. Wa mwisho alikuwa mjane wa miaka sabini hivi, mfupi, mpana, mikono imekomaa kwa jembe, na sauti nyembamba ambayo hungetarajia itoke kwenye mwili ule. Alikataa niondoke bila chai. Nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa shamba la viazi, na nilipoinua kikombe nikaona maji, bwawa zima limetulia chini ya miti, na samaki mkubwa akaruka katikati. Nikasahau chai.

"Unapenda samaki?" akauliza.

"Mama, napenda kuwavua kuliko kuwala."

Akacheka, akaniambia utaratibu. Shamba lile lilikuwa la mzungu zamani. Familia kumi na moja zililinunua pamoja, zikagawana ardhi lakini bwawa hawakuligawa. Maji wanavuta kwa zamu, kila nyumba na siku yake, ya ng'ombe na ya viazi. Mgeni haruhusiwi kutia ndoano mpaka apate mwenyeji katika zile nyumba kumi na moja. Mwenyeji anamsimamisha mbele ya wenzake na kusema kwa kinywa chake kwamba huyu ni wangu. Kuanzia hapo, kosa la mgeni ni kosa la mwenyeji. Mgeni mwenyewe hatozwi chochote wala hakemewi. Ni mwenyeji anayefungiwa zamu yake ya maji, mpaka mvua zirudi.

Jumapili iliyofuata alinisimamisha mbele yao, nje ya kanisa. Mzee mmoja akamuuliza kama kweli ananijua.

"Amenipima mpaka kiuno," akasema. "Nitakosaje kumjua?"

Watu walivunjika mbavu, na mimi nikakubaliwa.

Nilivua pale miaka minne. Samaki wawili kila safari, hakuna wa tatu, na mmoja ni wa mwenyeji. Alikuwa hanipikii nyama bila kununua kwa Mwislamu wa pale sokoni, na alinieleza hivyo kabla sijaketi, ili nisiwe na wasiwasi. Wakati wa viazi nilirudi Nakuru na gunia nililobebeshwa kwa nguvu. Kwenye kundi niliweka picha za samaki tu na nyasi kidogo, nikaandika "Bonde la Ufa", basi.

Kisha ikaja Januari moja, kiangazi kikali, nikavua samaki mkubwa kuliko wote niliowahi kushika. Ni yule wa magamba makubwa kama vifungo vya koti, anayepatikana pia Naivasha. Alikuwa na urefu wa mkono wangu kuanzia kwapa. Nikampiga picha, nikakata mlima nyuma, nikaiweka.

Siku ya pili yake, mchana, nilikuwa nikipiga pasi sare za shule, simu ikiwa kwenye meza ya kukatia. Mwanamume mmoja ambaye sijawahi kukutana naye alikuwa ameandika: "Hiyo samaki ni ya Kamere, huko Naivasha. Umenunua kwa wamama wa pale ukakuja kuipiga picha kwa nyasi." Wengine wakacheka. Mmoja akaongeza, akiniita mama kwa lugha ya mtaani: "Mathe rudi kwa cherehani." Wakacheka zaidi.

Nilikuwa na njia nyingi za kutoka hapo. Ningeweza kucheka nao. Ningeweza kufuta maneno yao, kwa kuwa usimamizi ulikuwa mikononi mwangu. Ningeweza kuendelea na kola za watoto wa watu. Lakini nilipandwa na mori. Kwa muda mrefu baadaye nilijiambia kwamba walinidharau kwa kuwa mimi ni mwanamke, na kweli walinidharau kwa sababu hiyo. Ila wao hawakunishika kidole. Niliweka pasi kando, nikaitafuta ile picha nzima, yenye mlima na bwawa na kibanda cha pampu, nikaibandika, na chini yake nikaweka alama ya ramani inayokuongoza mpaka langoni. Nikaandika: "Nendeni mkaone wenyewe."

Raha niliyoisikia ilidumu muda wa kupiga pasi mashati mawili. Watu walinisifu. Yule mwanamume akaandika, "Heshima, mathe." Kwenye shati la tatu nikaweka pasi chini, nikairudia simu na kufuta kila kitu. Nikajiambia imeisha, nani ataenda Kuresoi kwa ajili ya samaki. Mimi, niliyewakemea watu miaka yote kwamba kitu kikishaonekana hakifutiki, nikajidanganya hivyo na nikala chakula cha mchana vizuri tu.

Jumamosi wakaenda. Hawakuwa wavuvi wa kundi letu, au si wote. Picha ilikuwa imeshasafiri kwenye makundi mengine nisiyoyajua. Walifika kwa magari mawili na pikipiki kadhaa, siku ambayo karibu watu wote wa pale walikuwa wamekwenda kwenye mazishi upande wa pili wa mlima. Walikuja na nyavu. Walikanyaga viazi kupita kwenda majini, wakawasha moto wa nyama, na walipoona kina ni kirefu wakafungua bomba la kutolea maji ili bwawa lipungue na samaki wakusanyike. Walipotosheka wakaondoka bila kulifunga. Watu waliporudi jioni, zaidi ya nusu ya maji ilikuwa imeteremka mtoni. Januari, na mvua hutarajii kabla ya mwisho wa Machi.

Yule mama alinipigia Jumatatu asubuhi. Dukani kulikuwa na wateja watatu. Alinisalimia kwanza, akaniuliza hali ya watoto, akanieleza yote kwa utulivu. Kisha akauliza.

"Watu wanasema imetoka kwa simu. Ati kuna mtu aliweka picha. Ni wewe?"

"La, mama," nikasema. "Si mimi."

Sikufikiria. Neno lilitoka kabla sijalitazama, na lilipotoka nikashindwa kulirudisha, wateja wananitazama na futi shingoni. Ningempigia tena baada ya dakika tano. Ningempigia mchana, au usiku, au kesho yake. Sikupiga. Nilishona sare siku nzima na kumwomba Mungu jambo lipoe lenyewe.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa mwenyekiti wa kwaya, ambaye hakunipigia ili kunipa pole. Nyumba kumi na moja zilikaa Jumanne. Mgeni pekee wa kuvua ambaye alijulikana pale ni mimi, kwa hiyo jina langu lilitajwa mwanzo kabisa. Yule mama akasimama. Akasema amenipigia mwenyewe, nimekana, na neno langu kwake linatosha.

"Huyo mwanamke namjua," alisema. "Kama ni yeye, mnifungie maji hata miaka mbili. Si yeye."

Jirani mmoja akamletea simu. Kuna mtu aliyekuwa ameihifadhi ile picha kabla sijaifuta, pamoja na jina langu, na uso wangu mdogo pale juu ukitabasamu. Yule mama aliomba miwani. Mwenyekiti aliniambia aliitazama muda mrefu, akarudisha simu kwa mwenyewe, akaketi. Walimfungia zamu mpaka mvua. Adhabu ya miaka miwili aliyojitakia mwenyewe hawakuishika, walimhurumia.

"Mimi ndiye nilikuleta huku," mwenyekiti akaniambia. "Usinijibu. Nilitaka tu ujue vile alisimama." Akakata simu.

Nilikaa wiki mbili kabla ya kupanda. Nilikuwa na sababu, nilikuwa na sare za muhula, nilikuwa na kikohozi. Ukweli ni kwamba nilimwogopa mwanamke wa miaka sabini asiyewahi kunipandishia sauti. Nilijiondoa kwenye kundi bila kuaga, na hata hilo nililifanya kwa kujionea huruma. Mtu mmoja alinitumia ujumbe wa faragha kuniomba nirudi, akisema kundi limekosa mtu mkali. Nikaufunga bila kujibu.

Nilifika Alhamisi asubuhi. Bwawa lilionekana kabla ya nyumba, tope jeusi limepasuka kingoni na maji machache katikati yakiwa rangi ya chai ya maziwa. Pampu ya jirani ilikuwa inanguruma. Yule mama hakuwa nyumbani. Nilimkuta kwenye njia ya mtoni, njia yenye mteremko mkali, anapanda na mtungi wa lita ishirini mgongoni, kamba imepita kwenye kipaji cha uso. Ng'ombe wake wawili walikuwa mbele. Alisimama aliponiona, akautua mtungi, akanipa mkono kama kawaida.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nikayasema vibaya, kwa haraka, nikilia. Nilimwambia ni mimi. Nilimwambia nilikasirishwa na watu nisiowajua, na kwamba simu yake ilinikuta na wateja. Nilimwambia nitalipa mtu amteremshie ng'ombe kila siku mpaka mvua, na nitaenda mbele ya zile nyumba kumi na moja nijitaje mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akifuta jasho kwa kona ya leso.

"Maji itarudi," akasema. "Mvua ikikuja, bwawa inajaa. Hiyo nimesamehe, na usilipe mtu. Mtoni nilikuwa naenda nikiwa msichana kwetu, hiyo kazi naijua."

"Mama, basi niambie nifanye nini."

Akatazama juu, kule paa za majirani zilipokuwa.

"Nimekaa hapa miaka arobaini," akasema. "Nikisema kitu, watu walikuwa wanaamini. Hata wakati wa vita ya uchaguzi, nikisema mtu hajafanya, walikuwa wanamwacha. Nilisimama nikasema si wewe. Sasa hata nikisema imenyesha, wanatoka nje kuangalia."

Akainama kuuchukua mtungi. Nikanyoosha mikono nimsaidie kuuweka mgongoni, na akaniacha nimsaidie, kama unavyomwacha mtu yeyote aliyekukuta njiani.